Una dakika 70 au masaa 14: namna ya kubadilisha ndege njiani bila kuachwa

Swali ni lilelile, linabadilika sura tu. Mmoja anauliza "nina dakika 70 kubadilisha ndege, zitatosha?", kesho anakuja mwingine "nina masaa 14 eapoti, nabaki ndani au natoka?" Nimejibu mmojammoja mpaka nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, mana wengi wanaouliza ni mara yao ya kwanza kuunganisha ndege na wana hofu ya kweli kabisa, na wengine wamedunduliza miezi kuipata hiyo tiketi. Kuipoteza safari kwa sababu ya taarifa ndogo ambayo mtu angekwambia kwa dakika mbili inauma sana.

Kitu kimoja ukishike tangu sasa: koneksheni, yaani ile ndege ya kuunganisha, unaiwahi siku unayokata tiketi. Zile mbio za kwenye korido ni kipande kidogo cha mwisho, na mara nyingi ukiona mtu anakimbia ujue kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele na kurasa tupu. Nchi nyingi wanaangalia hiyo miezi 6.
- Viza ya unakoenda, na viza ya transiti, yaani ya kupita tu njiani, kama njia yako inaihitaji (hatua ya 4, usiiruke).
- Namba ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita. Iandike na kwenye karatasi, simu huzima.
- Apu ya shirika la ndege, umeshaipakua na kuingiza safari yako ukiwa bado una intaneti ya uhakika.
- Kadi ya benki inayokubali malipo nje ya nchi, umehakikisha na benki yako.
- Begi la mkononi lenye dawa zako zote, nguo za kubadilisha seti moja, mswaki, sweta na chaja yenye adapta. Eapoti usiku kuna baridi ya kiyoyozi, sweta utaniombea dua.
- Pawabenki, na hii inakaa begi la mkononi tu, marufuku kwenye begi kubwa. Bila kuomba ruhusa mwisho ni 100 Wh (kipimo cha umeme inaobeba). Ya 20,000 mAh inakuwa kama 74 Wh, hiyo haina shida.
- Chupa ya maji ikiwa tupu. Utaijaza ukishapita ukaguzi.

1. Soma tiketi yako taratibu, hasa masaa na tarehe

Masaa yote kwenye tiketi ni ya pale ndege ilipo wakati huo. Muda wa kuondoka ni wa mji unaotoka, muda wa kutua ni wa mji unaofika, kwahiyo ukitoa moja kwa nyingine kichwani unaweza kupata jibu la ajabu, angalia pale walipoandika urefu wa safari na urefu wa kusubiri. Ukiona +1 pembeni ya saa maana yake unafika siku inayofuata.

Sasa hapa ndo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunapoumia. Tiketi inatumia masaa 24 na siku yao inaanza usiku wa manane. 13:15 ni saa saba na robo mchana, 19:30 ni saa moja na nusu usiku, hizo wengi wanazijua. Balaa lipo kwenye 00:40. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa KUAMKIA tarehe 14, yaani unatoka nyumbani jioni ya tarehe 13. Niliwahi kumkuta mama mmoja kaunta ya chekini, amevaa vizuri, mabegi yamefungwa kamba mpya, karatasi ya tiketi ameikunja mara nne mkononi. Amekuja usiku wa tarehe 14. Ndege yake ilikuwa imeondoka karibu masaa 24 yaliyopita. Yule dada wa kaunta alimwonyesha ile tarehe kwa kidole mara tatu, na mama kila mara anajibu "si ndo leo tarehe kumi na nne mwanangu". Alikuwa sahihi kwa hesabu yake. Tangu siku ile mtu yeyote akinitumia tiketi yake jambo la kwanza natafuta namba zinazoanza na 00, 01 au 02.

Angalia pia herufi tatu za kiwanja. Miji mingi mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja: Istanbul kuna IST na SAW, London kuna LHR, LGW, STN na vingine, Paris CDG na ORY, New York JFK, LGA na EWR (huyu wa mwisho yuko New Jersey kabisa), Tokyo HND na NRT. Ukitua kiwanja kimoja na kuondokea kingine hiyo sio koneksheni tena, ni safari ya mjini yenye uhamiaji, mizigo na foleni za barabarani.

2. Jua kama una tiketi moja au mbili

Kila kitu kinachofuata kinategemea hapa. Tiketi moja maana yake ndege zote ziko ndani ya bukingi moja, hata kama ni mashirika mawili tofauti. Ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni jukumu lao kukutafutia nyingine bila kukulipisha. Tiketi mbili maana yake ulinunua kila ndege kivyake, na hapo ndege ya kwanza ikichelewa, wa pili hakujui. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea.

Tahadhari: kuna mitandao ya kuuza tiketi inakuunganishia mashirika mawili yasiyoshirikiana na kukupa bei nzuri kweli, na kwenye skrini inaonekana kama safari moja. Ukiona namba mbili za bukingi, au maandishi kwamba utahamisha mizigo mwenyewe, hizo ni tiketi mbili. Uliza kabla hujalipa.

Na ukiwa na tiketi moja usiruke kipande cha kwanza ukidhani utaidakia ndege huko katikati. Ukikosa kipande kimoja bila kuwaambia, vilivyobaki kwa kawaida vinafutwa vyote, pamoja na kurudi.

3. Piga hesabu ya muda kweli, usiamini kwamba "wameuza basi inawezekana"

Kila kiwanja kina muda wa chini kabisa unaoruhusiwa kuuza koneksheni. Vienna ni dakika 25, Frankfurt 45. Huo muda umepangwa kwa ndege iliyotua kwa wakati na abiria anayejua anakoenda.

Chukua zile dakika 70. Geti hufungwa kama dakika 15 hadi 20 kabla ya saa ya kuondoka, toa 20, zimebaki 50. Ndege ikisimama mpaka wewe wa siti ya nyuma ushuke zinakwenda dakika 15 mpaka 20, zimebaki 30. Ndani ya hizo 30 kuna kutembea, pengine treni ya kwenda teminali nyingine, na ukaguzi wa mabegi. Inawezekana? Ndio, nimeifanya. Ila ikichelewa nusu saa tu umekwisha.

Mimi nashauri hivi: tiketi moja na hupiti uhamiaji, lisaa limoja na nusu mpaka mawili. Unapita uhamiaji njiani, masaa matatu. Tiketi mbili, sitaki kusikia chini ya masaa sita, na kama ndege ya pili ndo ya mwisho kwa siku hiyo basi lala huko na uondoke kesho yake. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) zimeanza kuchukua alama za vidole na picha kwa wasafiri wa nje wanaoingia kwa muda mfupi, kwahiyo kama unaingilia huko ongeza muda wa foleni.

4. Hakikisha viza ya transiti

Watu wanadhani ukiwa hutoki eapoti huhitaji chochote. Inategemea nchi na pasipoti yako.

Marekani hawana transiti ya kukaa ndani. Kila anayepita anaingia nchini, anapita uhamiaji, kwahiyo unahitaji viza (kuna ya transiti inaitwa C-1) au kibali cha ESTA kwa nchi zilizosamehewa viza. Na begi lako unalichukua kiwanja cha kwanza unachotua Marekani, unapita nalo forodha, halafu unalikabidhi tena, hata kama tagi (ile karatasi wanayofunga kwenye begi) imeandikwa mji wa mwisho. Ukipitia Dublin au Abu Dhabi, uhamiaji wa Marekani unaufanyia hukohuko kabla ya kupanda, kwahiyo muda huo uuhesabie huko.

Uingereza wana viza mbili tofauti za transiti, moja ya kubaki ndani na nyingine ya wanaopita uhamiaji, kwa mfano unayetoka Heathrow kwenda Gatwick. Schengen wana viza ya transiti ya eapoti kwa pasipoti za nchi kadhaa, zikiwemo Kongo DRC, Somalia, Ethiopia na Nigeria.

Kosa ninaloliona mara nyingi: kupita viwanja viwili vya Schengen. Ukitua Paris halafu ukapanda kwenda Amsterdam ndo uondoke kwenda Canada, ile Paris mpaka Amsterdam ni kama safari ya ndani, umeshaingia Schengen, unahitaji viza kamili. Wenye kaunta wanayaona haya kwenye mfumo wao na watakuzuia kupanda palepale mwanzo wa safari. Ingia tovuti ya ubalozi, soma, kisha lipigie shirika la ndege uwaulize na wao.

5. Kwenye kaunta ya chekini

Uliza maswali mawili na usiondoke bila majibu. La kwanza: "Begi langu linafika wapi?" Wakati wanalifunga tagi, isome. Zile herufi tatu kubwa ndo mwisho wa safari ya begi, sio mwisho wa safari yako. Zikiwa za kiwanja cha katikati, utalichukua huko mwenyewe. Kama unasubiri zaidi ya masaa 24 mara nyingi wanakurudishia. Stika ndogo yenye tarakimu kumi usiitupe, na lipige begi picha.

La pili: "Naomba bodingi pasi zote." Hizo ndo karatasi za kupandia ndege, ukiwa nazo mkononi unakwenda geti moja kwa moja. Wakikwambia ya pili utaipata hukohuko, ni sawa, ila ujue utapitia kwanza dawati la transfer, yaani la wanaobadilisha ndege, na kwenye koneksheni fupi hizo ni dakika za kuhesabu.

Kama muda wako ni mdogo, omba siti ya mbele, upande wa korido. Na kama unaweza kusafiri na begi la mkononi peke yake, fanya hivyo.

6. Ndani ya ndege ya kwanza

Ikichelewa kuondoka, mwambie mhudumu mapema, kwa utulivu: "Nina koneksheni saa fulani kwenda mji fulani." Mkiwa abiria wengi mnaounganisha ndege hiyohiyo ya pili, mara nyingine wanaisubirisha, au wanawatangulizia kushuka. Wengine watakwambia hawawezi kufanya kitu, na ni kweli, haina haja ya kugombana.

Nusu saa kabla ya kutua nenda chooni, mana ukishuka foleni ya choo cha kwanza ni ndefu na dakika zako zinaisha hapo. Funga viatu. Pasipoti na bodingi pasi ziwe mfukoni, sio ndani ya begi lililo juu. Badilisha saa ya simu iwe ya huko unakotua.

7. Ukishuka tu

Mlangoni angalia kama kuna mfanyakazi ameshika kibao chenye mji wako. Akiwepo mfuate, huyo anapita njia ya mkato.

Asipokuwepo fuata vibao vya "Transfer", "Transit" au "Connections". Usifuate "Arrivals", "Exit" wala "Baggage", hata kama umati wote unaelekea huko, wale wamefika kwao. Ukijikuta mbele ya kaunta za uhamiaji na hukutakiwa kupita hapo, simama, rudi, uliza mtu mwenye sare.

Angalia skrini ya kwanza utakayoikuta. Geti lililoandikwa kwenye bodingi pasi linaweza kubadilika na skrini ndo yenye neno la mwisho. Viwanja vingi vikubwa siku hizi havitangazi kila ndege kwa spika, usikae ukisubiri kuitwa jina.

Ukaguzi wa mabegi unaweza kurudiwa, na hapo ndo watu wanapoteza manukato. Vimiminika vya dukani eapoti vinavyozidi mililita 100 viache kwenye ule mfuko uliofungwa na risiti ndani, ukiufungua tu wanachukua. Mwenye haraka kwenye foleni, onyesha bodingi pasi na uombe kupita mbele kwa adabu. Watu wengi wanakubali.

Fika getini kwanza, ulione kwa macho. Maji na choo baadaye.

8. Koneksheni ndefu ukiwa unabaki ndani

Kabla hujatandika sweta chini, uliza shirika lako kama una haki ya hoteli. Baadhi ya mashirika yanayounganisha abiria kwenye kiwanja chao kikuu yanatoa hoteli bure pale ambapo hakukuwa na ndege ya karibu zaidi, lakini mara nyingi lazima uombe, wengine wanataka kabla ya siku ya safari. Watu wanalala kwenye viti kumbe chumba kipo.

Viwanja kama Doha, Dubai na Singapore vina hoteli ndani kwa ndani, hupiti uhamiaji, unalipia kwa masaa. Kama hela hairuhusu tafuta sehemu za kupumzikia zilizo mbali na maduka, zulia lipo na taa hafifu. Begi lipitishe mkanda mguuni au uliweke chini ya kichwa, pasipoti ndani ya nguo. Alamu weka mbili, kwa saa ya pale, ya kwanza lisaa limoja na nusu kabla ya kuondoka. Na ukiwa unalala, lala karibu na geti lako.

Wai-fai ya bure mara nyingine inatuma namba ya kuingilia kwa sms, na laini yako isipokuwa na roming haifiki. Tafuta mashine ya kuskani pasipoti au dawati la taarifa, watakupa hiyo namba. Kila baada ya masaa mawili tembea, miguu inavimba ukikaa tu.

9. Ukitaka kutoka nje

Piga hesabu hii. Chukua masaa yako yote, toa lisaa la kutoka, toa matatu ya kurudi mapema, toa usafiri wa kwenda na kurudi mjini. Masaa sita yakikuachia lisaa moja, baki ndani. Kuanzia nane au tisa inaanza kuwa na maana.

Viza ya kuingia lazima iwepo kama nchi hiyo inaitaka kwa pasipoti yako. Ukiruhusiwa kuingia kuna ofa nzuri, Turkish Airlines wana ziara ya bure ya Istanbul kwa abiria wao wa kimataifa wanaosubiri kati ya masaa 6 na 24, na kiwanja cha Changi cha Singapore wana ziara yao ya bure kwa wanaosubiri kuanzia masaa matano na nusu mpaka chini ya 24. Nafasi zinajaa, jiandikishe mapema.

Mambo yakiharibika

*Ndege ya kwanza imechelewa, nimeachwa, tiketi ni moja.* Angalia apu kwanza, mara nyingi wameshakuhamishia ndege nyingine kabla hujashuka. Kama bado, ingia foleni ya dawati la transfer na hapohapo piga simu ya shirika, atakayejibu kwanza ndo huyo. Omba hoteli na chakula kama ni usiku. Safari ikiwa inaanzia Umoja wa Ulaya, au inaenda huko kwa shirika la huko, kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 inakupa fidia ya euro 250 mpaka 600 ukifika mwisho wa safari ukiwa umechelewa masaa matatu au zaidi kwa kosa la shirika. Hali ya hewa haina fidia, lakini chakula na malazi bado wanadaiwa. Tunza bodingi pasi na risiti.

*Tiketi ni mbili.* Kabla ndege haijaondoka, ukiona hutawahi, piga simu shirika la pili uombe kubadilisha. Ada ya kubadilisha kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua upya. Ikishaondoka nafasi ni ndogo sana.

*Nimefika, begi halijafika.* Usitoke ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo iliyopotea, toa ile stika, upewe ripoti yenye namba ya kufuatilia. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, dai la begi lililochelewa lipelekwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipata, lililoharibika siku 7.

*Nimelala, nimepitiwa, ndege imeondoka.* Nenda dawati la transfer sasa hivi na sema ukweli. Wanaweza kukuweka ndege inayofuata, pengine kwa ada. Kabla hujaondoka pale waambie waangalie kama tiketi yako ya kurudi bado iko hai, na uione mwenyewe kwenye skrini yao au kwenye apu, mana hiyo ndo inayofutika kimyakimya ukaja kugundua siku ya kurudi.